Kabla ya kumlaumu ndugu, iulize mbegu



Wiki hii nataka tuzungumze habari ya ndugu wawili waliokaribia kukosana kwa ajili ya mbegu. Majina yao nayaweka kando, maana aibu ya mtu haifai kutangazwa redioni. Isitoshe, yaliyowafika wao yanaweza kumfika yeyote kati yetu tunaoishi mjini na kuacha shamba mikononi mwa jamaa.

Mkubwa anafanya kazi Dar es Salaam. Mdogo amebaki Pemba, upande wa Mtambile, kwenye shamba la marehemu baba yao. Miaka minane iliyopita walikubaliana kwamba mkubwa atoe fedha na mdogo atoe nguvu. Mdogo akaenda kwa mzee mmoja mwenye mkungumanga unaosifika kwa kuzaa, akapewa mbegu za mti huo huo mmoja, akaotesha na kupanda miche 12. Kisha akaokota mbegu chini ya mkarafuu mmoja wa shambani kwao, akapata miche 30.

Sikukuu ya Idi iliyopita mkubwa alirudi nyumbani, akataka kuona fedha zake. Katika mikungumanga 12, mitano ilikuwa na matunda. Saba ilisimama mirefu, majani yanang'ara, lakini haina hata tunda moja. Katika mikarafuu 30, minane juu ya kumi ilikuwa imenyanyuka vizuri, na 12 imedumaa, mingine haimfiki mtu kifuani.

"Mbegu moja, ardhi moja, mkulima mmoja," alisema mkubwa. "Vipi miti iwe mbalimbali? Sema kweli, fedha zangu umezila."

"Kaka, Wallahi sijala hata senti," mdogo alijibu. Hakusadikiwa. Jirani aliyekuwa karibu akaongeza kwamba huenda shamba limepigwa jicho. Mama yao akanyamaza, na chakula cha Idi kikaliwa bila mazungumzo. Nilikuwa mgeni katika nyumba ile, ndugu msikilizaji, na sijawahi kuona pilau likaliwa kwa huzuni namna ile.

Siku ya pili tulimwomba bwana shamba aje atutazamie. Hakuanza kwa kuuliza habari za fedha. Aliuliza habari za mbegu.

Alianza na mikungumanga. Alikata kijitawi cha mti usiozaa na kijitawi cha mti unaozaa, akatuonyesha maua. Ule usiozaa ulikuwa na maua mengi yaliyokaa kwa vichala. Ule unaozaa ulikuwa na maua machache, moja moja au mawili mawili. "Hii ni midume," alisema, "na ile ni mijike."

Mkungumanga, ndugu zangu, una dume na jike kama mbuzi. Mbegu za mti mmoja ni watoto wa mama mmoja, lakini kila mbegu imechukua sehemu ya mama na sehemu ya baba, na hakuna mbili zilizochukua sawasawa. Kwa kawaida karibu nusu yao hutoka dume. Tatizo ni kwamba mche haukuambii. Utaupalilia miaka mitano, sita, hata minane, ndipo utoe ua na ujue umepanda nini. Mitano kwa saba katika miti 12 si wizi wala si jicho. Ni hesabu ile ile ya wavulana na wasichana katika nyumba ya wazazi wetu.

Anayeona hili ni geni na autazame mpapai ulio uani kwake. Kata papai moja, pata mbegu mia, zipande, na utaona midume yenye maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu bila faida. Ndiyo maana mkulima mwenye hekima hupanda miche mitatu katika shimo moja, akangoja maua, kisha akang'oa midume. Ikiwa kila mche una nafasi sawa ya kuwa dume au jike, ni shimo moja tu katika manane litakalotoka na midume mitatu mitupu. Yako pia mapapai ya miti huntha, yenye uume na uke katika ua moja, na mengi ya hayo ni yale marefu. Mti huntha uliojizalisha wenyewe hautoi dume, bali huntha na majike tu. Hata bangi, mmea ambao sheria zetu zimeupiga marufuku, ni hivyo hivyo: pakiti moja ya mbegu hutoa dume na jike, warefu na wafupi.

Na mnazi je? Mnazi hauna dume na jike mbalimbali, lakini nao una siri yake. Katika mnazi mrefu wa kwetu, maua ya kiume ya karara moja humaliza kazi yake kabla maua ya kike hayajawa tayari. Kwa hiyo nazi hupata baba kutoka mnazi mwingine, na miche yake hutofautiana. Mnazi mfupi maua yake ya namna mbili hukutana kwa wakati, ukajizalisha wenyewe, na watoto wake wakamfanana. Wataalamu wa minazi wanaijua aina moja fupi yenye nazi nyekundu inayoitwa kwa jina la kisiwa chetu cha Pemba.

Hapo mkubwa akasema: "Basi mikarafuu nayo imetoka mbalimbali kwa sababu ya mbegu." Bwana shamba akatikisa kichwa. La, hapa kuna jambo jingine.

Karafuu tunayoianika ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Likiachwa mtini hufunguka, na mara nyingi hujizalisha lenyewe, kisha likawa tunda lenye mbegu. Zaidi ya hayo, mikarafuu yetu yote ni ukoo mdogo. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Wafaransa waliichukua huko kwa siri na kuifikisha Mauritius mwaka 1770, ikaenda Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikaletwa Unguja. Kila safari ilivuka na miche michache, na michache zaidi ikaishi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Kwa hiyo mikarafuu ya kwetu hufanana sana kwa damu. Indonesia kwenyewe iko aina ya mkarafuu inayoitwa Zanzibar.

Ukiona basi mikarafuu ya mama mmoja inatofautiana kama mbingu na ardhi, kwanza itazame ardhi na malezi. Waswahili wamesema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Bwana shamba alichimba pembeni ya mkarafuu mmoja uliodumaa. Mzizi wake mkuu ulikuwa umejikunja duara kama kamba ndani ya ndoo. "Mche huu ulikaa kwenye kiriba muda mrefu kupita kiasi," alisema. "Mzizi uligonga chini, ukazunguka. Ukishapanda, haunyooki tena."

Mdogo akasema polepole kwamba ndivyo ilivyokuwa. Miche 18 aliipanda masika ya kwanza. Kumi na miwili iliyobaki ilikosa mahali, kwa kuwa kipande cha pili cha shamba kilikuwa msitu na fedha za kufyekea zilikuwa hazijafika. Iliendelea kungoja kwenye viriba hadi masika ya mwaka uliofuata.

Mkubwa hakusema neno. Fedha zile ni yeye aliyezichelewesha.

Ndugu msikilizaji, nimekusimulia haya kwa sababu Serikali imekuwa ikigawa miche ya mikarafuu kwa wakulima, na watu wengi wa mjini wanatuma fedha nyumbani ili wapandiwe. Miti ikitoka mbalimbali, neno la kwanza ni kwamba miche ilikuwa mibovu, na la pili ni kwamba jamaa ni mwizi. Huenda moja likawa kweli. Lakini uliza kwanza: huu ni mti wa namna gani? Una dume na jike? Hujizalisha wenyewe au hutafuta mwenziwe? Ulipandwa lini, na mzizi ulikuwaje?

Anayetaka mikungumanga isiyo ya kubahatisha, asitegemee mbegu peke yake. Apate miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti jike unaojulikana. Midume isikatwe yote, kwani bila dume jike hazai. Kwa majike wanane au kumi, dume mmoja anatosha. Anayeotesha mikarafuu achague mti mama mwenye afya na azipande mbegu zikiwa mbichi, kwani zikikauka hufa. Na miche isizeekee kwenye viriba.

Wala tusiione tofauti kuwa ni laana. Maradhi ya minazi yalipoingia mwambao wa Tanzania Bara, mifupi na ile ya mchanganyiko iliteketea sana, na katika mirefu ya kienyeji, yenye kutofautiana, ndimo wataalamu walimopata inayostahimili. Shamba ambalo miti yote ni sura moja, ugonjwa mmoja waweza kulimaliza.

Nimepata habari kwamba mwaka huu fedha za kupalilia zilifika Mtambile kabla ya mvua, na kwamba mikungumanga minne kati ya ile midume itabebeshwa vikonyo vya mti wa yule mzee.

Hadi wiki ijayo, nakutakieni kheri.