TUJIBU MANENO, TUSITUKANE MTU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu wafanya kazi,

Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja alisimama akauliza juu ya ushuru wa nyumba unaokatwa mishaharani mwetu. Kabla hajamaliza, wengine walimpigia kelele: "Huyu twajua kwao! Huyu ametumwa!" Akaketi. Swali lake halijajibiwa hata leo. Jambo hilo lilitutia haya.

Basi na tulitazame swali lenyewe. Ushuru ni shilingi moja na nusu katika kila mia. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa 450, na mwajiri hutoa 450 nyingine. Hesabu hii haina kabila.

Siku ile mmoja alisema, "Nyumba ni jambo jema, basi ushuru ni wa haki." Hilo halifuati. Jambo laweza kuwa jema, na njia ya kulilipia ikawa na kosa. Aulizwe: nani hulipa, na nani atapata nyumba?

Mwingine akasema, "Mahakama ilikwisha kataa, basi huu ni wizi." Huyo naye alisema nusu. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu iliona ni ubaguzi kuwatoza wenye mishahara na kuwaacha wengine bila sababu ya haki. Haikusema nyumba ni mbaya. Kisha Machi 2024 ikatungwa sheria mpya, inayowatoza na wenye mapato mengine. Anayetaja hukumu akaificha sheria hutupoteza, hata akiwa upande wetu.

Kwa hiyo twaomba kila asemaye hapa ashike mambo matatu. Kwanza, ayaeleze maneno ya mwenzake kwa haki, hata mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Pili, alete hesabu au karatasi, asilete uvumi. Tatu, akionyeshwa kosa akubali, si aibu. Mwenyekiti naye amnyamazishe yeyote atajaye kabila la msemaji.

Wanasiasa watakuja kwetu kutaka makofi. Tukizoea kupiga makofi pasipo kuuliza, hata mbele ya mwajiri tutakwenda vivyo hivyo, naye hesabu zake anazo mkononi.

Kuuliza si ujinga. Ndugu yule, tafadhali simama tena. Leo tutakusikiliza mpaka mwisho.