Wiki Tano Zilizo Mikononi Mwetu: Malezi ya Watoto wa Mbwa Katika Nyumba za Port Bell



Naanza na mtoto wa mbwa niliyemuuza vibaya. Alikuwa jike, mgongo mweusi na miguu ya kahawia, mama yake German Shepherd, baba yake chotara. Mnunuzi alifika na haraka zake, akasema anataka aliye mdogo kabisa ili akue akimjua yeye peke yake. Mtoto alikuwa na wiki tano. Nikapokea pesa, nikamtia kwenye boksi, akapakiwa kwenye boda boda wakaenda. Miezi minane baadaye nikaitwa. Nilikuta amefungiwa kibandani mchana kutwa tangu siku aliyofika, akitolewa usiku tu watu wakishalala. Jioni moja mlango ulisahauliwa wazi, kijana wa jirani akapita anakimbiza mpira, mbwa akamuuma paja. Nilipomsogelea alijibana ukutani, mkia ameuficha tumboni, anatetemeka huku meno yako nje. Ule uliokuwa ukiitwa ukali nyumbani hapo ulikuwa woga mtupu. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha kadi ya chanjo, yule kijana alilazimika kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa, moja baada ya nyingine, kwa siku kadhaa. Nimelibeba jambo hilo hadi leo.

Wengi wetu hapa Luzira na Port Bell, na Kampala kwa jumla, tunaamini kwamba mlinzi mzuri ni mbwa aliyefichwa asione watu. Mimi mwenyewe nililelewa na imani hiyo. Lakini mbwa anayeogopa kila mtu hawezi kumtofautisha mwizi na shangazi aliyekuja kusalimia. Mlinzi wa kweli ni yule anayejua mambo ya kawaida ya mtaa wake yakoje, ndiyo maana jambo lisilo la kawaida likitokea anasimama na kubweka.

Hayo yana msingi wa kitaalamu. John Paul Scott na John L. Fuller waliwachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani, na mwaka 1965 wakatoa kitabu kuhusu urithi na tabia za mbwa. Waligundua kwamba kuna kipindi ambacho akili ya mtoto wa mbwa iko wazi kupokea watu, wanyama na mambo mapya: kinaanza karibu na wiki ya 3 na kuanza kufunga kuelekea wiki ya 12. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1961, watoto wa mbwa waliokulia kwenye uwanja uliozungushiwa uzio bila kuguswa na watu hadi wiki 14 walibaki kama wanyama wa porini, na hata walipobembelezwa baadaye hawakuzoea vizuri. Sasa tupige hesabu. Tukimwachia mnunuzi mtoto akiwa na wiki nane, kama inavyostahili, basi wiki tano za kipindi hicho zimepita nyumbani kwetu. Mnunuzi awe tajiri namna gani, wiki hizo hawezi kuzinunua tena popote.

Wiki tatu za kwanza nitazipitia haraka, maana kazi kubwa ni ya mama. Mtoto huzaliwa kiziwi na kipofu; macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio hufuata katika wiki ya tatu. Mwili wake bado hauwezi kujipasha joto, na sisi tulio kando ya ziwa tunajua baridi ya alfajiri baada ya mvua. Sanduku la kuzalia liwe kavu, lisipitiwe na upepo. Kila mtoto apate maziwa ya kwanza ya mama siku ile ile ya kuzaliwa, kwa sababu ndimo ilimo kinga yake. Mpime kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni, uandike kwenye daftari. Ndani ya siku 7 hadi 10 awe amefikia mara mbili ya uzito wa kuzaliwa. Asiyeongezeka kwa siku mbili apelekwe kwa daktari. Dawa ya minyoo ianze wiki ya pili na irudiwe kila baada ya wiki mbili, kwani minyoo mingine huwaingia wangali tumboni mwa mama.

Na tusimsahau inzi wa maembe. Anataga kwenye mchanga wenye kivuli na kwenye vitambaa vilivyoanikwa nje, na funza wake hupenya ngozi laini ya tumbo. Niliwahi kumgeuza mtoto wa wiki mbili nikamkuta na vipele kumi na moja, kila kimoja kina tundu dogo katikati, na ukitulia unaona kitu kinachezacheza ndani. Nilipaka vaselini juu ya kila tundu nikangoja. Funza akikosa hewa hujitokeza, ndipo unapomkamua taratibu kwa vidole viwili bila kumpasua. Tangu hapo matandiko yote ya mbwa nyumbani kwangu hupigwa pasi, pande zote mbili.

Wiki ya tatu ikitimia, kazi yetu inaanza. Mimi hutumia karai. Natandika gunia safi, nawaweka watoto wawili watatu ndani yake, nalibeba hadi gatini. Sitoki na mpango mkubwa. Natembea tu nao Port Bell kama ilivyo. Meli ya mabehewa kutoka Mwanza ikitia nanga, honi yake inasikika hadi kilimani. Kuna injini za mitumbwi inayotoka visiwani, malori ya bia, vyuma vya reli vinavyogongana, boda boda wanaopuliza honi bila sababu. Mara ya kwanza watoto hujikunja chini ya gunia. Nasimama mbali, kiasi ambacho sauti inasikika lakini haitishi, nawapa vipande vya mukene (dagaa) uliochemshwa mpaka vichwa vinainuka. Kesho yake nasogea hatua chache. Kufikia wiki ya sita kuna anayelala usingizi karaini huku behewa linashushwa.

Mama mmoja mchoma samaki alinizoea katika safari hizo. Siku moja aliniuliza, "Mzee, hawa mbona huwaweki chini watembee?" Swali lake ni la msingi, nalo ndilo linalotutenganisha na madaktari wengine. Parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu uliojitokeza duniani mwaka 1978, unaua watoto wa mbwa kwa siku chache, na virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Tukisema mtoto asitoke mpaka chanjo ziishe, dirisha la kipindi kile limeshafungwa. Ndiyo maana ya karai: macho, masikio na pua vinasafiri, miguu haigusi ardhi ya mbwa koko. Nikirudi, viatu vinabaki langoni, na sakafu inapigwa deki kwa jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30.

Nyumbani pia kuna masomo. Watoto wa binadamu wakae chini ndipo wapewe kumshika mtoto wa mbwa, mmoja mmoja, mikono miwili, dakika chache. Waje wageni wa kila aina: askari magereza na sare yake, mama aliyevaa gomesi, mzee mwenye fimbo, mtu aliyebeba mzigo kichwani. Majirani zetu Waislamu wengi hawapendi kuguswa na mate ya mbwa, na hiyo ni haki yao. Mbwa ajifunze kuwaona wakipita na kutulia, bila kuwarukia wala kuwakimbilia, hata kwa furaha. Mbwa asiyerukia watu hupunguza ugomvi mwingi mtaani.

Jambo moja hakuna binadamu anayelifundisha vizuri kama mbwa wenyewe, nalo ni kupima nguvu ya meno. Mtoto akimng'ata nduguye kupita kiasi, yule hulia na kuacha mchezo. Akimng'ata mama, mama hunguruma na kuondoka. Baada ya mara nyingi anajua taya zake zinaumiza kiasi gani. Somo hili hukolea kati ya wiki ya tano na ya nane, wiki zile zile nilizomnyima yule jike mweusi niliyemuuza.

Kuhusu kuuza, msimamo wangu ni mkali na naomba tuubishanie leo. Mama asizae zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mnunuzi amwone mama akiwa na watoto wake. Anayekutana nawe kando ya barabara na watoto kwenye boksi hajui anachonunua. Nauliza mbwa atalala wapi, nani atakuwa naye mchana, na kama jibu ni kufungiwa kibandani, siuzi. Kadi iandikwe tarehe za dawa na chanjo, pamoja na tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Nyuma ya kadi naandika kwa mkono: akiuma mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na chini yake: ukishindwa naye, mrudishe kwangu, wakati wowote, umri wowote.

Yule mweusi alirudishwa. Nimeishi naye miaka minne. Akiwa nami ametulia. Mgeni akiingia bado anakwenda nyuma ya tangi la maji na hatoki mpaka mgeni aondoke.

Nyumbani sasa nina watoto sita wenye siku 31. Meli inatarajiwa kesho asubuhi, na karai nimeshaliosha. Anayetaka kuona ninavyofanya anikute gatini saa mbili.