Missa Luba na Daftari la Kwaya Yetu
(Maneno ya Katibu katika Jubilei ya Miaka 25)



Nimepewa dakika tano, na Mwenyekiti ananijua, kwa hivyo naanza moja kwa moja na ile kanda.

Wakongwe mnaikumbuka. Ilikuwa imenakiliwa kutoka santuri ya Muungano National Choir, Boniface Mganga akiongoza: Missa Luba pamoja na nyimbo za kienyeji za Kenya, iliyotolewa na Philips mwaka 1990. Tuliicheza mpaka utepe ukajikunja, tukawa tunaurudisha kwa kalamu. Stima ikipotea, redio ilitiwa betri. Nota hatukuwa nazo. Kila sauti ilijifunza kwa sikio.

Kwa miaka mingi nilidhani Misa hiyo ilizaliwa hapa Nairobi. Kumbe ni ya Kamina, Katanga, kule Congo. (Si ile Congo ya Kawangware, jamani.) Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya wavulana wa shule na walimu wao wakawa kwaya, na mwaka 1958 wakaiimba Misa hiyo. Maneno ni ya Kilatini, kwani Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado. Lakini sauti ni za nyumbani. Kyrie inafuata kasala, wimbo wa maombolezo. Sanctus imetokana na wimbo wa Waluba wa kuagana. Nilipojua hilo nilielewa kwa nini kila nikiisikia namwona mtu amesimama stendi na mzigo wake, basi likiwa tayari linanguruma.

Na hakuna kilichokuwa kimeandikwa. Walipatana nani aanzishe na nani aitikie, kisha wakaimba; nota zilikuja baadaye. Jina linalotajwa kila mahali ni la Padre, na simlaumu, maana bila yeye tusingekuwa na cha kusikiliza. Ila teno anayeongoza ile Sanctus ya kwanza ni Joachim Ngoi, mwalimu wa shule pale Kamina. Mwaka 1968 Sanctus hiyo iliingia katika filamu ya Kiingereza iitwayo If...., ikapendwa Uingereza na watu ambao hawajawahi kuiona Kamina hata kwenye ramani. Mimi pia ni mwalimu. Nimeiimba Sanctus hiyo miaka mingi kabla ya kulijua jina la mwalimu mwenzangu.

Sasa niseme kilichonileta hapa. Nilipokuwa nikitayarisha kijitabu hiki, nilipiga chapa orodha ya nyimbo zetu wenyewe za leo. Kwa nyimbo 6 niliandika, "Mtunzi: Kwaya." Nikaona imekaa vizuri, tena ya unyenyekevu. Alhamisi, kwenye mazoezi, mama mmoja wa sauti ya pili aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaitia kwenye kibeti. Akaniambia, "Mwalimu, huu wa matoleo niliutunga nikifua nguo za watu Lavington, mwaka ule mzee wangu alipolazwa. Kwaya haikuwa huko."

Nilikosa jibu. Wimbo huo nimeuimba miaka 11, na daftari la kwaya nalishika mimi.

Tangu siku hiyo nimetembea na daftari hilo kutoka Line Saba hadi Kawangware 46, nikiuliza. Nyimbo 4 zimepata wenyewe, na majina yao mtayaona katika orodha, la mama yule likiwa la kwanza. Mmoja ulidaiwa na watu wawili. Nimewaandika wote wawili, wataelewana. Mbili bado. Ule wa Jumatano ya Majivu wengine wanasema ni wa besi mmoja aliyerudi ushago zamani, lakini jina lake kila mtu analitaja lake. Ule wa mwingilio hakuna anayekumbuka ulianza lini.

Nafasi zao nimeziacha wazi kwenye orodha. Mwenye habari, hata kama ni jina la utani au mtaa aliokuwa akiishi, anione baada ya Misa. Nitakuwa mlangoni, upande wa ngoma, na kalamu ninayo.