Somo la Matuta ya Usambara



Milima hii ya Usambara ina somo ambalo kila mwenye dhamana ya kutoa amri hana budi kulijua. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikaueneza sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta katika miteremko. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Mazumbe, ambao wananchi waliwatazamia wawasemee, waligeuzwa wasimamizi wa amri hiyo.

Ndugu zangu, kuhusu udongo wataalamu hawakukosea. Mvua ya milimani huchukua rutuba, na Mshambaa alilijua hilo kabla hawajafika. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba mwenye elimu ana haki ya kumlazimisha asiye na cheo. Wananchi walipinga, TANU ikapata nguvu katika upinzani huo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukavunjika. Jambo lililokuwa na manufaa likawa limechukiwa kwa sababu ya fimbo iliyolisindikiza.

Wala tusidhani kwamba kosa hilo lilikuwa la wakoloni peke yao. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba watu hawaendelezwi, bali hujiendeleza wenyewe. Hata hivyo, wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, baadhi ya watendaji walibomoa na kuchoma nyumba za wananchi wasiotaka kuhama. Chama kinachojiheshimu hakiogopi kulisema hilo.

Uonevu mdogo usiokemewa huzaa mkubwa. Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda kwa bunduki. Septemba 1972 askari walimkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka katika Mahakama Kuu, mjini Kampala, naye hakurudi tena. Pale ambapo jaji hana usalama, mkulima atakimbilia wapi? Mapinduzi hayo yalikuwa miongoni mwa sababu za TANU kutoa Mwongozo wa 1971, uliomkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu.

Leo tunayo ngao ya sheria. Mabadiliko ya Katiba ya 1984 yaliingiza haki za binadamu, na Ibara ya 15 inakataza mtu kukamatwa au kufungwa isipokuwa kwa utaratibu wa sheria. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 iliwapa Wakuu wa Mikoa na Wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Lakini uwezo huo ulikusudiwa kuzuia hatari kwa amani, si kumtia adabu mwalimu aliyechelewa kazini au mwananchi aliyeuliza swali mkutanoni. Kuutumia kwa hasira ni kurudisha fimbo ya matuta.

Ndugu Watumishi, kabla ya kutia saini amri, jiulizeni: ni sheria gani inayoniruhusu, na mwananchi huyu atakata rufani wapi? Nanyi Walimu, wafundisheni vijana Katiba kama mnavyowafundisha hesabu. Anayeijua haki yake haonewi kwa urahisi, na kiongozi anayetawala watu wa namna hiyo hulazimika kuwa mwema.