Majuto alituchekesha, nani alimlipa?

Mchekeshaji wa filamu Amri Athumani, yaani King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki katika Hospitali ya Muhimbili, Agosti 8, 2018. Hakuhitaji maneno mengi: akikunja uso tu, watu hoi kwa kicheko. Abiria wangapi wamepita hapa Dodoma kwenda Singida wakimtazama kwenye runinga ya basi? Na kwa filamu zile za basini, zilizonakiliwa vibandani, yeye alipata nini? Tusisingizie ukosefu wa sheria; Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu 1999. Kinachokosekana ni ukali wa kuisimamia. Waheshimiwa wabunge, mko hapa hapa Dodoma: ibaneni serikali, msanii alipwe angali hai, si kuchangiwa matibabu akishaanguka.