Suruma na Kifafa: Kilichomo Ndani ya Jani

Maneno haya ni kwa wote mlio kambini, Palma, Mocímboa da Praia, Mueda na kwingineko Cabo Delgado. Leo tuzungumze jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: bangi, au suruma kama tunavyoiita huku. Kuna habari inayopita kutoka simu hadi simu, kwamba bangi inaponya kifafa. Mama mwenye mtoto anayeanguka, ambaye vidonge vilibaki nyumbani siku ya kukimbia, akiisikia habari hiyo atachemsha majani. Nani asingejaribu?

Habari hiyo ina ukweli ndani yake, ila imefika nusu.

Jani la suruma lina kemikali nyingi. Za jamii moja tu zimeshahesabiwa zaidi ya 100, na mbili kati yake ndizo kubwa. Ya kwanza inaitwa THC. Wataalamu Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga na kuufahamu muundo wake mwaka 1964. Hii ndiyo inayolevya. Ubongo una mahali mfano wa kufuli, na THC ni ufunguo unaoingia humo. Mmoja atacheka na kusikia njaa. Mwingine moyo utamwenda mbio, ataogopa, pengine atasikia sauti ambazo hazipo. Kwa mtu aliyeyaona tuliyoyaona hapa tangu 2017, hofu hiyo si ndogo. Wapo wanaovuta ili wapate usingizi. Usingizi unakuja kweli, lakini aliyezoea akiacha, usiku unakuwa mrefu na ndoto mbaya zinarudi.

Ya pili inaitwa CBD. Hii hailevyi, na ndiyo iliyoleta habari ya kifafa. Mwezi Juni 2018 Marekani iliruhusu dawa ya maji iliyotengenezwa kwa CBD iliyosafishwa. Iliruhusiwa kwa aina chache za kifafa kikali kinachoanza utotoni. Inapunguza idadi ya kuanguka, haiponyi. Mtoto hupimwa uzito kwanza, huanzishiwa miligramu 2.5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Wa kilo 12 atapata miligramu 30 asubuhi na 30 jioni. Damu yake pia hupimwa, ionekane kama ini linastahimili.

Sasa tuitazame sufuria yako. Majani yale yana miligramu ngapi? Hata aliyeyalima hajui. Suruma ya kuvuta kwa kawaida ina THC nyingi na CBD kidogo, yaani kile unachokitaka ndicho kilicho haba. Tena kemikali hizi hazikubali maji, hukubali mafuta. Chai ya leo itakuwa hafifu. Kesho ukitia tui la nazi, majani yaleyale yatakuwa makali. Na ikinywewa huweza kuchukua saa moja au mbili kufanya kazi. Mama anaona kimya, anaongeza kikombe. Mtoto aliyezidishiwa THC hulala asiamshike, na pumzi inaweza kupungua. Jirani akimwona atasema ametulia.

Mimi sidharau dawa za miti. Dawa ya mseto tunayopewa kwa malaria, asili yake ni mmea wa China ambao Tu Youyou na wenzake walitenga kiini chake mwaka 1972. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo, na jani halina.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni degedege. Mtoto ana homa, anakakamaa, macho yanageuka, na watu wanasema ni shetani, wanamfukiza au wanamnywesha majani. Kwetu huku hiyo inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Haingoji asubuhi.

Kifafa kisichotokana na homa kina vidonge vyake. Fenobarbitali ni ya zamani, bei yake ndogo, na inawasaidia wengi. Usiikate ghafla, kwa kuwa kuanguka kunaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kama ilikatika kwa sababu ya kukimbia, usirudie mwenyewe kipimo cha zamani. Nenda kituo cha afya, utaje jina la dawa au upeleke ganda lake kama unalo. Na kama umempa mtoto suruma, sema. Najua sheria ya Msumbiji namba 3 ya mwaka 1997 inaikataza, ndiyo maana watu wanaficha. Lakini muuguzi asiyejua mtoto amekunywa nini anatibu gizani, na CBD huweza kugongana na dawa nyingine za kifafa.

Mtu akianguka mbele yako, msogeze mbali na moto na mafiga. Mlaze ubavu, mlegezee nguo shingoni, usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mate yake hayaambukizi kifafa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea sahani. Tazama saa ya simu: zikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, au ana homa, apelekwe kituoni wakati huohuo.