Sanduku la Vifaa vya Fundi
(Hotuba kwa mafundi seremala wa tawi)



Leo sitasema juu ya mshahara. Nitasema juu ya sanduku la vifaa. Msicheke. Seremala asiye na vifaa husimama langoni tu, hata akiwa hodari namna gani.

Katika makumbusho ya mji wa Rochester, Uingereza, liko sanduku la seremala kijana wa Chatham, Benjamin Seaton. Mwezi wa Desemba 1796 baba yake alimnunulia vifaa katika duka la Christopher Gabriel, London: randa za namna nyingi, misumeno, patasi, keekee na tupa. Kijana akatengeneza sanduku kwa mikono yake, akalimaliza Aprili 1797. Ndani yake mna droo zilizopambwa kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali.

Lakini mimi nasifu karatasi kuliko droo. Seaton aliandika orodha ya vifaa vyake, pamoja na bei. Orodha hiyo ingalipo, na baada ya miaka zaidi ya 200 tunajua alikuwa na nini, na kwa shilingi ngapi.

Je, nani kati yetu aweza kusema hivyo? Seaton alikuwa na baba wa kumnunulia. Sisi tunanunua randa mwezi huu, patasi mwezi ule. Stoo ikivunjwa usiku, asubuhi fundi anaulizwa, "Ulikuwa na nini?" Anakuna kichwa. Jasho la miaka kumi limekwenda, naye hana la kuonyesha.

Maseremala wa Uingereza waliijua hasara hiyo. Mwaka 1860, baada ya mgomo wa wajenzi wa London waliodai kazi ya saa tisa kwa siku, waliunda chama kikubwa. Mwanachama aliyeunguliwa au kuibiwa vifaa alilipwa na chama, kwa fedha za ada zao wenyewe. Hawakungoja huruma ya mtu.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, kila fundi aandike orodha yake mara mbili: moja akae nayo, moja ampe katibu. Pili, atie alama yake katika kila mpini. Tatu, tukubaliane leo kumdai mwajiri stoo yenye kufuli, kisha tuzungumze juu ya mfuko wetu wa vifaa.

Karatasi na kalamu ziko mezani. Asiyejua kuandika, mwenzake amwandikie.